Muulize Mama Fundi: Kifuniko cha peni kwenye tundu la juu

Safari hii barua karibu zote zinahusu plagi na soketi. Labda ni mvua. Mvua za Kigoma zikishalowesha kuta, umeme uliokuwa umenyamaza tangu Juni unaanza kusema. Nimechagua tano, na kaswali kamoja kadogo ka mwisho. Ya kinyozi nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lake nimelikuta katika nusu ya nyumba ninazoingia.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni kinyozi hapa Mwanga. Mashine zangu mbili za kunyolea na sabufa nilinunua kwa watu wanaoleta mizigo kutoka Bujumbura. Zote zina plagi ya pini mbili za mviringo, haziingii kwenye soketi mpaka nichomeke kifuniko cha peni kwenye tundu la juu, ndipo ya chini yanafunguka. Mwaka wa tatu sasa na sijapigwa shoti hata siku moja. Juzi mteja kanigombeza, eti nitaunguza fremu yote. Kuna ukweli? Na hao waliotengeneza soketi, matundu waliyaziba ya nini kama yametengenezwa yachomekwe? (Kinyozi, Mwanga)

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ukilielewa, la kwanza utajijibu mwenyewe.

Soketi yetu hii ya matundu matatu ilizaliwa Uingereza. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa haijaisha, wenzetu wakawa wameshaanza kupanga nyumba watakazojenga baadaye, na kamati ya watu 20 ikakaa kufikiria umeme wa nyumba hizo. Ripoti yao ilitoka mwaka 1944. Mwaka 1947 plagi na soketi zikapewa kanuni rasmi, BS 1363. Geuza plagi yoyote ya maana uangalie upande wa pini, utaikuta namba hiyo imechongwa kwa herufi za kuumiza macho. Kati ya wale 20 mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akiongoza chama cha kuwafundisha wanawake matumizi ya umeme. Mimi ninayezunguka mji huu na ngazi tangu 1991, na mpaka leo nikibisha hodi naulizwa "fundi mwenyewe yuko wapi?", jina hilo sichoki kulitaja.

Kamati ile haikumwamini mtumiaji. Nasema hivyo kwa kuisifia. Walijua kuna mtoto atakayeingiza msumari, kuna mtu mwenye haraka, kuna mwenye mikono yenye maji, kuna atakayevuta waya badala ya kushika plagi. Kila mmoja wakamwekea kizuizi chake. Wa msumari aliwekewa vilango: vipande viwili vya plastiki nyuma ya matundu ya chini, vyenye springi, ambavyo muda wote vimefungwa.

Sasa chukua plagi ya pini tatu uishike mkononi. Pini ya juu ni ndefu kuliko mbili za chini. Ile ni ya ethi, na urefu wake una kazi mbili. Inatangulia kuingia, kwa hiyo kifaa chako kinaungana na ardhi kabla umeme haujakifikia. Na ikishaingia inasukuma vilango, ndipo laivu (inayoleta umeme) na nyutro (inayourudisha) zinapata njia. Ukichomoa ni kinyume chake: za chini zinaachia kwanza, ethi inatoka mwisho kabisa. Hakuna nukta hata moja ambapo kifaa kina umeme na hakina ethi.

Wewe na kifuniko chako cha peni unaviambia vilango kwamba ethi imeshafika. Haijafika.

Kuhusu kutopigwa shoti miaka mitatu: kifuniko ni plastiki, na tundu la juu kwa kawaida halina umeme. Hapo huna cha kujisifia. Lakini nimeingia saluni, jina silitaji, nikakuta kazi hiyo inafanywa na kitana cha chuma. Ethi ya nyumba ile ilikuwa imeunganishwa na mtu aliyechanganya nyaya, na testa yangu iliwaka kwenye tundu la juu. Nilikaa chini kwanza kabla ya kusema neno.

Tuje kwenye mashine zako. Ukivuka kwa Manyovu au ukipanda boti kwenda Bujumbura, unatoka nchi iliyoachiwa Mwingereza unaingia iliyoachiwa Mbelgiji. Wabelgiji wana soketi yao: matundu mawili ya mviringo, na ethi imekaa kwenye soketi yenyewe, imetokeza kama kidole. Mpaka ule uliowekwa baada ya Vita ya Kwanza ndio unaohangaika nao kila asubuhi na kifuniko cha peni. Wala usifikiri ya kwao ni mbovu. Soketi yao imezama ndani kama kisahani kirefu, plagi inakijaza chote kabla pini hazijagusa umeme, kwa hiyo kidole hakipati pa kupita. Yetu uso wake ni bapa, kidole kingeweza kupita, na ndiyo maana tangu miaka ya 1980 pini za chini za plagi zetu zimevishwa plastiki nyeusi shingoni: plagi ikichungulia nje kidogo, unachogusa ni plastiki. Kila moja ina akili yake. Ubaya unaanza pale unapozifungisha ndoa.

Pini yetu ni ya bapa, unene milimita 4 na upana zaidi kidogo ya 6. Ndani ya soketi kuna taya za shaba zilizotengenezwa kuuma umbo hilo, na kutoka taya moja hadi nyingine ni milimita 22. Pini za mashine yako ni za mviringo, nyembamba, na zimeachana milimita 19 au pungufu. Zinaingia kwa kupinda. Taya inauma sehemu ndogo sana ya pini, kama mtu anayeshika ndoo iliyojaa kwa kidole kimoja. Sabufa, kama plagi yake ni ile nene ya duara, pini zake ni milimita 4.8, hizo zinazitanua taya, na zikishatanuka hazirudi. Siku utakapochomeka plagi halali ya pini tatu, nayo itacheza.

Kinachocheza kinapiga cheche, na penye mshiko mdogo umeme unapita kwa shida, na shida hiyo inageuka joto. Mashine ya kunyolea inakula umeme kidogo, ndiyo iliyokuokoa miaka yote mitatu. Ungekuwa umechomeka pasi tungekuwa tunaongea mengine.

Hapa nitoe siri ya nyumbani kwangu. Mwaka fulani mdogo wangu alikuja na televisheni ya pini mbili, akaichomeka sebuleni kwa mtindo wako huohuo, mimi fundi wa mtaa sikusema kitu kwa sababu ilikuwa mechi. Kwa siku mbili nyumba ikawa inanuka samaki. Baadhi ya plastiki za umeme zikianza kuungua taratibu hutoa harufu inayofanana sana na samaki, na kwingine mtu angeshtuka. Kigoma nani atashtuka kwa harufu ya samaki? Mama yangu alifua mapazia. Mimi nilikagua ndoo ya migebuka. Siku ya tatu soketi ikawa ya kahawia kuzunguka tundu la kushoto, na nilipoifungua taya ilikuwa imebadilika rangi kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Kwa hiyo ukinusa samaki na hujanunua samaki, gusa soketi zako kwa mgongo wa mkono, uone ipi ina joto.

Kuna hasara nyingine usiyoiona: fyuzi. Plagi yetu ina fyuzi ndani, kile kiwaya kinachoungua na kukata umeme ukizidi; plagi ya Bujumbura haina. Waingereza walipanga nyaya za soketi zizunguke nyumba kama pete, zikilindwa na fyuzi moja kubwa ya ampea 30, shaba ikiwa adimu baada ya vita. Ampea 30 ukutani ni sawa, waya wa ukutani ni mnene. Lakini waya wa mashine yako ni mwembamba kama utambi wa kibatari. Ukigusana ndani, kabla sakiti breka ya ampea 32 haijashtuka, waya ule umeshakuwa mwekundu, na umelala juu ya nywele, taulo na chupa ya spiriti. Ndiyo maana kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo. Ile inalinda waya wa kifaa. Mwili wako haulindi, hilo tutaliona kwa mama wa Kibirizi.

Fanya hivi. Geuza mashine yako utafute alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Ikiwepo, kifaa kimefunikwa mara mbili na hakihitaji ethi. Kata plagi ya zamani, na uitupe mahali ambapo mtoto hataiokota na kuichomeka na kipande chake cha waya. Nunua plagi ya pini tatu, ifungue. Kahawia unapeleka kulia kwenye fyuzi, bluu kushoto, skrubu ya ethi unaiacha wazi kama nyaya ni mbili tu. Waya wenye ganda lake la nje upite chini ya kile kibano, ukiumwa ganda, usiumwe nyuzi za ndani; wengi wanakitupa kibano wakidhani ni cha ziada. Fyuzi weka ya ampea 3. Inabeba kama wati 690, na mashine yako haifiki hata wati 50.

Sabufa ikiwa na nyaya tatu, ule wa kijani na njano unakwenda pini ya juu, na uuache mrefu kuliko wenzake. Plagi nzuri imepangwa hivyo makusudi: mtu akivuta waya kwa nguvu, laivu inakatika kwanza, ethi inabaki ya mwisho.

Mteja aliyekugombeza, mnyoe bure siku moja.

Mama Fundi, pole na kazi. Nina mtoto wa mwaka na miezi minane, sasa hivi kila tundu anaingiza kidole. Dukani wanauza vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi. Ninunue vingapi? (Mama wa Gungu)

Asante mama, na hongera kwa mtoto mwenye bidii. Nunua sifuri.

Najua utashangaa. Ukishasoma jibu la kinyozi umeona kwamba soketi nzuri imeshajifunga yenyewe. Sasa kile kifuniko kina pini ya juu ya plastiki, na pini ile inafanya nini? Inafungua vilango. Kikikaa vizuri kinaziba, lakini kikilegea, kikivunjika na pini ikabaki ndani, au mwanao akakichomoa na kukirudisha kichwa chini miguu juu, pini ya juu ikaingia na zile mbili zikabaki hewani, umeshamfungulia mtoto mlango uliokuwa umefungwa. Vipimo vyake navyo ni vya kubahatisha. Huko Uingereza kwenyewe mwaka 2016 idara ya afya iliagiza viondolewe kwenye hospitali na vituo vyake. Kitu cha kuongeza usalama kiliondolewa kwa ajili ya usalama.

Hela hiyo kagulie soketi. Zima mein swichi, chukua tochi, angalia kila tundu la chini. Ukiona plastiki imekinga, kilango kipo. Ukiona shaba inang'aa, kilango kimevunjika au hakikuwapo tangu kiwandani, na soketi hiyo ndiyo ya kubadilishwa wiki hii hii.

Halafu angalia eksitensheni. Zile zenye matundu ya ajabu, yanayopokea plagi ya kila taifa, mviringo, bapa, ya mshazari, mimi naziita mlango wa stesheni: kila abiria anapita. Tundu linalopokea kila umbo haliwezi kuuma umbo lolote sawasawa, na nyingi hazina vilango kabisa. Mbaya zaidi, ile plagi nene ya duara ethi yake iko ubavuni au kwenye kitundu kinachopokea kile kidole cha soketi. Kwenye eksitensheni hiyo hakuna kidole, na ubavu haugusi kitu. Inawaka, inafanya kazi, ethi hakuna. Mtoto wa miezi ishirini anaikuta sakafuni, si lazima hata asimame. Itoe chini.

Na hapohapo sakafuni, plagi ya pini tatu ukiichomoa inalala na pini zikitazama juu. Kila aliyepita sebuleni usiku pekupeku wakati umeme umekatika anajua ninachosema. Katika mambo yote waliyofikiria wale watu 20, mguu wangu waliusahau.

Fundi, salaam. Nyumba yangu hapa Ujiji ilijengwa na marehemu baba na bado ina soketi za matundu matatu ya mviringo, kubwa na ndogo. Kijana mmoja fundi ameniambia nizing'oe zote, ni hatari. Mwingine anasema ndizo imara. Pia nyaya zangu ni nyekundu na nyeusi, siku hizi naona kahawia na bluu. Nimsikilize nani? (Mwalimu mstaafu, Ujiji)

Shikamoo Mwalimu. Wote wawili wamesema nusu.

Soketi zako ni za kanuni ya zamani kuliko hizi, BS 546, ya miaka ya 1930. Ndogo ni ya ampea 5, ya taa na redio. Kubwa ni ya ampea 15, ya pasi na jiko. Ubora wake ni kwamba ndogo haiingii kwenye kubwa wala kubwa kwenye ndogo, kwa hiyo mtu hawezi kuchomeka jiko kwenye waya wa redio hata akitaka. Ethi yake nayo ni pini ndefu iliyo peke yake juu. India na Afrika Kusini wameishi na jamii hiyo mpaka leo. Kwa hiyo umbo la mviringo si kosa, na yule wa pili hapo kasema kweli.

Ila plagi zake kwa kawaida hazina fyuzi, vilango pengine vipo pengine havipo, na plagi mpya za aina hiyo huzipati madukani. Najua unatumia adapta, na kwenye adapta kuna adapta nyingine. Hilo ndilo linanitisha kuliko soketi yenyewe. Mzigo wa plagi tatu unaning'inia kwenye pini tatu, zinainama kwa uzito, mshiko unalegea.

Lakini mimi nisingeanza na soketi. Ningeanza na waya nyuma yake. Nyumba za umri huo nyingine zina nyaya za ganda la mpira, na mpira ukizeeka unakauka kama ganda la ndizi. Ukiugusa unamomonyoka, shaba inabaki uchi ndani ya ukuta. Mwambie fundi afungue soketi moja tu, umeme ukiwa umezimwa kwenye mein swichi, aukunje waya taratibu mbele ya macho yako. Ukipasuka, nyumba nzima inavutwa nyaya upya, na hapo soketi mpya zinakuja zenyewe. Usipopasuka, una muda wa kujipanga na pensheni.

Rangi: zamani nyekundu ilikuwa laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Sasa kahawia ni laivu, bluu nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Nyumba iliyoongezewa chumba ina zote mbili, na hapo ndipo mafundi wachanga wanachanganya. Usimruhusu mtu aunganishe kwa kutazama rangi tu. Apime. Swichi iliyowekwa upande wa nyutro inazima taa vizuri kabisa huku umeme ukibaki umekaa kwenye taa, ukisubiri mtu wa kubadilisha globu.

Habari Fundi. Nina friza ya kugandishia migebuka Kibirizi. Nikigusa mlango wake inanitekenya, hasa nikiwa sijavaa ndala. Dada yangu anasema ni kawaida ya friza. (Muuza samaki, Kibirizi)

Mama, unapofika kwenye mstari huu, mtume mtu akaizime kwanza, ukutani, si kwa kugusa friza. Kisha endelea kusoma.

Si kawaida. Umeme umepata njia ya kufika kwenye bati la friza, na ungepaswa kushuka ardhini kupitia pini ya juu ya plagi. Kwa sababu hiyo njia haipo, unashuka kupitia kwako. Ndala zinakuzuilia kidogo. Sakafu yenye maji ya samaki na mguu mtupu zinakufungulia. Leo ni mtekenyo kwa sababu umeme unaovuja ni mdogo. Sehemu iliyooza ikizidi kuoza, hautatekenya.

Kuna mahali patatu pa kutazama. Plagi: huenda ni ile ya duara ya ng'ambo, imechomekwa kwa kijiti au kwenye eksitensheni ya matundu yote, au kuna mtu amekata pini ya juu ili ipenye. Soketi: huenda waya wa ethi ndani haujafungwa. Nje ya banda: huenda hakuna fimbo ya ethi, ile ya chuma inayozikwa ardhini, kabisa. Nimewahi kufuata waya wa kijani nje ya ukuta mpaka mwisho wake nikakuta umefungwa kwenye msumari. Msumari wa paa.

Na hata fimbo ikiwepo, nisikudanganye. Udongo wetu kiangazi ukikauka unapitisha umeme kwa shida. Tuseme njia nzima ya kushuka ardhini ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 20, ambayo wala si mbaya. Gawa volti 230 kwa 20, unapata ampea 11 na nusu. Fyuzi ya plagi ni ya 13. Haikatiki! Friza inakaa na umeme kwenye bati, fyuzi imetulia, kila kitu kinaonekana kizima.

Ndiyo maana nakutaka uwekewe kile kifaa kinachokaa pamoja na sakiti breka, chenye kitufe cha herufi T; mafundi tunakiita RCD. Kazi yake ni kuhesabu umeme unaoondoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Usiporudi wote, maana yake kuna unaopita kwingine, na huko kwingine panaweza kuwa mtu. Tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia ya ampea moja, kinakata kabla hata theluthi ya sekunde haijatimia. Kwa kiasi hicho omu 20 au 200 kwake ni sawa. Kibonyeze T mara kwa mara. Kisipokata, kimekufa, badilisha. Wakati fundi anakuja, migebuka hamishia kwenye barafu.

Mambo vipi Mama Fundi, fyuzi ya plagi ya jagi la umeme iliungua hosteli, jamaa akaivalisha ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na inachemsha freshi. Kuna noma? (Mwanafunzi, Kigoma mjini)

Noma ipo. Jagi la wati 2,000 linakula ampea karibu 9, fyuzi ya 13 ilikuwa inatosha kabisa, kwa hiyo kama iliungua kuna sababu. Labda maji yameingia kwenye kitako, labda kwenye eksitensheni hiyohiyo kuna pasi ya wati 1,000, jiko la koili na chaja za chumba kizima. Hesabu: eksitensheni yote, hata ikiwa na matundu sita, ina plagi moja, na plagi moja mwisho wake ni kama wati 3,000. Matundu sita hayakuongezei umeme, yanakuongezea nafasi ya kukosea.

Hiyo karatasi haijui ampea 13 ni nini. Itapitisha 20, itapitisha 30, na kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya unaopita chini ya godoro. Fyuzi ni bei ya maandazi. Nunua mbili, moja mpe jamaa.

Je, lazima nizime swichi ya soketi kabla ya kuchomoa plagi? (hakusaini)

Kanuni ya Waingereza haikulazimisha hata soketi iwe na swichi. Lakini pasi ikiwa inawaka na ukaichomoa hivihivi, umeme unaruka hewani kati ya pini na taya, na kila mruko unakula shaba kidogo. Swichi ndani yake imetengenezwa kuachia haraka, taya hazikutengenezwa hivyo. Kwa hiyo zima, kisha shika kichwa cha plagi, siyo waya. Waya wa plagi yetu umeelekezwa chini makusudi ili ukiuvuta plagi ikatae kutoka. Ukiona yako inatoka kirahisi kwa kuvuta waya, taya zimeshachoka, na soketi hiyo iongeze kwenye orodha ya yule mama wa Gungu.